Ahadi za wiki zinatimia, jengo halisogei. Naomba ushauri

Bikari: Wakuu, nasimamia ujenzi wa ghorofa. Tangu tuanze mfumo wa Last Planner, yaani kila wiki zinaahidiwa kazi za kumaliza kisha tunahesabu zilizotimia, kila wiki ahadi zinazotimia zinafika asilimia 95. Lakini kwa ratiba kuu tunazidi kuachwa nyuma, na mwenye mradi ameanza kuuliza maswali. Usingizi sina. Ninunue programu gani ya kupangia kazi?

ZegeZito: Programu achana nazo mkuu, karatasi za rangi ukutani zinatosha. Sisi tulipanga kinyumenyume kuanzia siku ya kukabidhi, kila kikosi kikisema kinahitaji nini kutoka kwa kilichokitangulia. Fundi bomba na fundi umeme waliokuwa hawasalimiani wakaanza kupeana zamu kwenye dari. Nilifurahi sana.

MamaRamani: Vijana mnapenda mifumo. Ujenzi ni uaminifu na kudamka.

Nondo16: Wiki sita za mbele unaziangalia? Kazi haiingii kwenye ratiba ya wiki kabla vizuizi havijaondolewa: michoro, nondo, kibali, nafasi ya kufanyia kazi. Na anayeahidi ni nyapara au ni wewe?

Bikari: Manyapara wenyewe. Vizuizi tunaviandika vyote.

Mashaka: Hii chai. 95 kila wiki na bado unachelewa? Ballard na Howell, waliobuni mfumo huo, walipopima miradi miaka ya 1990 walikuta kazi za wiki zinazotimia ni zaidi kidogo ya nusu. Mleta mada umetunga.

ZegeZito: Hata mimi nimeanza kuguna.

Nondo16: Ngojeni kwanza. Bikari, ahadi isipotimia, nyapara anafanywa nini?

Bikari: Kikosi kinakatwa malipo. Sikutaja kwa sababu ni suala la nidhamu tu, bila hivyo hawajitumi. Barua ya kuongeza makato iko tayari, inatoka Jumatatu.

Nondo16: Basi si chai. Anayeogopa kukatwa anaahidi kisichomshinda: kufagia, kuhamisha matofali, plasta ya ukuta ambao hakuna anayeusubiri. Nguzo zinazobeba slabu ya juu hazimpati wa kuziahidi. Kipimo hicho ni cha kutafuta kwa nini kazi imekwama, unauliza na kuuliza tena mpaka ufike kwenye mzizi. Ukikifanya fimbo, watu watakuletea namba unazozitaka. Chukua ratiba za wiki zilizopita, uwekee alama kila kazi iliyokuwa inasubiriwa na kikosi kingine. Hesabu hizo peke yake.

Mashaka: Neno langu nalifuta. Ila makato hayo ni dhuluma: nondo zikichelewa kuletwa, nyapara ana kosa gani?

Bikari: Nikiyafuta watanipanda kichwani. Labda nipunguze.

MamaRamani: Waite uwaulize wenyewe, mwanangu. Bila barua mezani.

Bikari: Barua naishikilia mpaka nimalize kuhesabu. Makato sijafuta.

Nondo16: Hesabu, halafu lete hapa zile za nguzo zilizokwama, kila moja na sababu yake.