Chubwi za kusubu nyumbani: rangi ya poda, ya mafuta, epoksi, au tuziache tupu?

Mshipi_wa_Sahare

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Mimi ni mvuvi wa mshipi, naondokea Sahare. Chubwi zangu, yaani vile vizito vya kuzamishia mshipi, nasubu mwenyewe uani (nayeyusha na kumimina kwenye kalibu), mwaka wa sita huu. Madini ya risasi nayapata kwa mafundi wa matairi, vile vizito vya kubalansi magurudumu, na vipande vya mabomba ya zamani. Kalibu yangu ni ya chuma, inatoa chubwi ya gramu 250, umbo kama parachichi changa.

Kinachoninyima raha ni mikono. Ukishinda baharini unashusha na kupandisha chubwi tupu, viganja vinarudi vyeusi, na kwa mikono hiyohiyo umemega andazi na kunywa chai ndani ya ngalawa. Halafu juzi nimemkuta binti yangu wa miaka minne kaketi kando ya kapu, kashika chubwi, anaisogeza mdomoni. Nilimnyang'anya mpaka akalia. Siku hiyo niliamua lazima zipakwe kitu.

Nimejaribu sita sita kwa kila aina, zote zimevua pamoja kwenye mwamba ule ule, nje ya kisiwa cha Yambe.

Rangi ya mafuta ya kawaida, tabaka mbili kwa brashi: safari ya pili tu imeanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Sita zote. Sitarudia.

Epoksi ile ya kuchanganya vichupa viwili: inashika vizuri, lakini inachuruzika na kuganda chini kama kamasi, na unakaa nayo siku nzima. Mbili zilipata nyufa pale waya unapoingilia.

Rangi ya poda: hii nimeipata kwa Wamarekani wanaosubu risasi za bunduki zao. Wao wanatia risasi kwenye kopo la plastiki pamoja na poda kidogo na vishanga vya plastiki, wanatikisa mpaka poda inang'ang'ania kwa umeme tuli, kisha oveni, nyuzi 200 kwa dakika 20 hivi. Shida yao ni risasi kujipaka ndani ya mtutu. Mambo ya bunduki kwetu yana sheria na leseni zake, sina haja nayo, nilitaka ile poda tu. Chubwi nzito huwezi kuitikisa kwenye kopo, zinagongana na kuvuana poda. Kwa hiyo nazining'iniza kwa waya wake, nazipasha moto, nazichovya kwenye poda zikiwa bado za moto, ndipo zinaingia oveni. Baada ya safari tano zina vidonda vidogo tu, kama punje ya mchele, pale jiwe liliposhika. Kwingine kote ngozi nzima.

Lakini katika sita hizo mbili zimechubuka ovyo, na sijui kosa liko wapi. Mwenye ujuzi anisaidie.

FundiPoda

Mkuu, hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, napaka mageti na fremu za madirisha. Kosa nadhani nalijua. Poda inaiva kwa joto la chuma chenyewe, siyo joto la hewa ya oveni. Poda nyingi za poliesta zinataka nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 10 mpaka 20, imeandikwa kwenye mfuko, na dakika hizo zinahesabiwa tangu kitu chenyewe kifikie joto hilo. Kibati chembamba kinafika upesi. Donge la gramu 250 linachelewa. Ukihesabu tangu ulipofunga mlango wa oveni, poda itang'aa na utaiona imeiva, kumbe imeyeyuka tu haijakomaa. Zile mbili bila shaka zilikaa upande wa mlango.

Pima hivi: ikishapoa, futa kwa kitambaa chenye thina. Rangi ikitoka kwenye kitambaa na uso ukawa laini, haijaiva, irudishe oveni.

Risasi inayeyuka nyuzi 327, kwa hiyo kwenye 200 uko salama. Ila usichanganye lehemu kwenye sufuria ili ijaze kalibu vizuri. Lehemu ile ya bati 63 kwa risasi 37 inayeyuka nyuzi 183. Kuna mteja aliniletea chubwi alizozidisha lehemu, nikafungua oveni nikazikuta zimelegea kwenye waya kama mshumaa, nyingine iko sakafuni.

Na hewa yetu ya Tanga hii! Poda inavuta unyevu, masika ikifika inagandana madonge. Iweke kwenye ndoo ya mfuniko unaobana, ndani ya nyumba. Vaa barakoa unapochovya. Na oveni iliyopika poda haipiki tena mkate, ibaki ya kazi hiyo tu.

Kijana_Raskazone

Shukrani fundi. Mimi rangi yoyote huwa haishiki mpaka nisugue chubwi kwa siki, halafu msasa, zinang'aa kama shilingi mpya. Mwenye swali kuhusu kushika ajaribu hivyo.

Muuguzi_wa_Pwani

Mdogo wangu, tafadhali acha vyote viwili leo hii. Siki inakula risasi na kutengeneza chumvi yake inayoyeyuka ndani ya maji, na chumvi hiyo ni tamu. Wazungu wa kale waliiita sukari ya risasi. Mtoto akilamba mara moja atarudi kulamba tena. Msasa mkavu nao unakupa vumbi, unalivuta puani, linakaa kwenye shati, unaingia nalo kitandani.

Osha kwa maji ya moto na sabuni, sugua kwa steliwulu ikiwa imelowa, suuza, kausha, futa kwa thina, kisha usiguse tena kwa vidole vitupu. Rangi itashika.

Kaka wa Sahare, nimefurahi umemwona binti mapema. Lakini niruhusu niseme jambo moja: rangi inakinga mkono unaoshika chubwi iliyokwisha kusubiwa. Wakati wa kuyeyusha ndipo sumu inapotoka zaidi: yale mavi ya risasi unayoyaengua juu ya sufuria, unga wake ukimwagika uani, kuku wanaparua, mtoto anacheza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto inamharibu akili na masikio, na hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea. Hamisha jiko liende mbali na nyumba, mahali pa wazi, ukae upande upepo unakotokea. Mavi yale yaingie kwenye kopo la mfuniko. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Na betri za gari msiziguse kabisa. Hapo Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu kiliacha watoto na watu wazima na risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fidia haimrudishi mtoto alivyokuwa.

Mshipi_wa_Sahare

Dada, nimekuelewa. Sitasubu tena uani.

Nahodha_Tongoni

Vijana, salaam. Nimesoma yote. Mimi nauliza: mbona mnang'ang'ania risasi? Babu zetu walivua changu na chewa kwa jiwe lililotobolewa. Mimi leo natumia vipande vya nondo, fundi kachomea kijishikio cha waya. Pale nje ya Yambe kila siku ya bamvua unaacha chubwi mbili tatu mwambani, mkondo unazisukuma ndani ya mashimo. Hiyo poda yenu itasagwa na matumbawe huko chini na risasi itabaki baharini. Waingereza tangu mwaka 1987 wamezuia uuzaji wa chubwi ndogo za risasi, zile chini ya gramu 28 na ushei, kwa sababu bata maji wakubwa walikuwa wanazimeza na kufa. Nondo ikibaki, inaoza na kuisha.

Kijana_Raskazone

Shikamoo mzee wangu. Nondo nimejaribu, haizami upesi kama risasi, mkondo unaibeba.

Hesabu_Baharini

Ngoja tupige hesabu, maana jambo hili linahesabika. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, chuma 7.9, saruji na mchanga kama 2.2 hivi. Ukizamisha chubwi ya risasi ya gramu 250, maji ya chumvi yanaipunguzia uzito, inabaki kama gramu 227. Chuma ili kikupe 227 zilezile majini kinataka gramu 261 tu. Kumi na moja za zaidi! Kwa uzito, Nahodha yuko sahihi. Kinachomsumbua Kijana ni unene: chubwi ya risasi ina sentimita za ujazo 22, ya chuma 33, mara moja na nusu, kwa hiyo mkondo unapata pa kushika. Dawa ni kuifanya ndefu na nyembamba, ichongoke chini. Saruji msihangaike nayo kwa mshipi. Itakubidi uwe na donge la gramu 425, karibu mara tisa kwa ukubwa wa lile la risasi.

Nahodha_Tongoni

Gramu 11 tu za zaidi, mwalimu! Nimekufahamu. Na yangu ni ndefu, urefu wa kiganja.

Kijana_Raskazone

Mwenzenu nina alama ya moto kiganjani mpaka kiwiko. Kalibu ililala nje, umande ukaingia, nikamimina bila kuipasha. Maji kidogo yale yaligeuka mvuke, risasi ikaruka yote. Pasheni kalibu kwanza, hata kama mnaiona kavu. Na kingine: balansi za siku hizi nyingine ni zinki, zinayeyuka nyuzi 419. Moto usipozidi zitaelea, ziengueni. Zikichanganyika, kalibu haijai.

Mshipi_wa_Sahare

Basi nimegawa hivi. Mwambani natumia nondo ndefu ya Nahodha, maana huko zinapotea. Kwenye mchanga, ambako chubwi yangu moja inanikalia mwaka, nabaki na risasi, na hakuna itakayoingia ngalawani bila poda. Epoksi nitaitumia kuziba vidonda tu. Jiko nimelipeleka kwenye shamba la minazi la shemeji, hakuna mtoto anayefika.

FundiPoda, oveni yangu ndogo inanidanganya. Nikikuletea 24 Jumamosi, zimeoshwa na kufungwa waya, utanipakia? Nilitaka nyeusi.

FundiPoda

Lete. Ila nyeusi hapana, nitakupakia njano. Risasi ni ya kijivu, juu ya nyeusi huwezi kuona mchubuko. Juu ya njano, hata mkeo ataona ipi imetoboka kabla mtoto hajaishika.