Mrejesho: Bangkok kwa bajeti ndogo

Wakuu, niliwauliza kama mimi na mdogo wangu tungemudu siku za kwanza Bangkok bila kumaliza akiba. Leo ni siku ya nne, tuko salama, na nawashukuru sana.

Aliyesema tuachane na teksi alituokoa. Treni ya uwanja wa ndege, kutoka Suvarnabhumi hadi mwisho wa reli pale Phaya Thai, ni bati 45 tu kwa mtu. Unapewa kidude cha duara cha plastiki badala ya tiketi: ukiingia unakigusisha, ukitoka unakitumbukiza kwenye mashine.

Yule mtu mliyetuonya habari zake tulikutana naye kweli! Nadhifu, mpole, karibu na Kasri la Kifalme: "Leo pamefungwa, pandeni bajaji niwapeleke kwingine." Tukampita kimya. Hatua chache mbele, lango wazi na watu wamejaa foleni. Jamani, msimsikilize.

Kwenye hekalu la Wat Pho mdogo wangu alijifunga kanga juu ya kaptura, tukaingia. Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46, lakini kilichonigusa ni sauti ya sarafu, ti, ti, ti, watu wakizidondosha moja moja kwenye safu ya mabakuli ya shaba ukutani.

Chakula tunakula barabarani. Sisi Waislamu tumejifunza neno "moo", nguruwe, kabla ya salamu. Pilipili zao ni kali hasa. Sema "mai phet", yaani isiwe kali, mapema, kabla kikaango hakijawekwa motoni.

Kesho tunapanda boti za mtoni.