MREJESHO: Yule mteja aliyekuwa anaficha vidonge

Habari zenu ndugu. Niliuliza hapa nifanye nini na mteja wa makazi yetu ya kutunzia wagonjwa wa akili, nje kidogo ya Kampala, anayeficha vidonge shavuni kisha kuvitema chooni. Wengi mlisema nivisage nimchanganyie kwenye uji.

Sikufanya hivyo, na nesi msimamizi alikataa kabla sijamaliza sentensi. Valproeti anayotumia (dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia) ina ganda la kuilinda tumboni, haisagwi. Halafu kumnywesha mtu mzima dawa kwa siri ni kumdanganya. Akigundua, hata uji wenyewe ataususa.

Aliyeniambia "muulize mwenyewe kwa nini" ndiye aliyenisaidia. Nilikaa naye barazani, bila karatasi mkononi. Kumbe haloperidoli, dawa yake nyingine ya ugonjwa wa akili, ilikuwa inamkaza shingo na taya, mikono inatetemeka, hata posho (ugali) haiendi mdomoni vizuri. Alikuwa amelalamika, ikaandikwa tu "mkaidi". Neno hilo lifutwe kwenye mafaili yote!

Daktari alipunguza dozi, akaongeza benzheksoli, dawa ya kulegeza mkazo huo. Hiyo nayo tunaifungia kabatini, maana wapo wanaoipenda kwa ulevi wake. Mkazo umelegea. Sasa anameza mbele yangu, anakunywa maji, tunapiga soga kidogo, ndipo natia sahihi kwenye karatasi ya dawa, siyo kabla. Siku moja moja anakataa. Naandika amekataa na sababu aliyotoa, nampigia nesi, simlazimishi.

Lililobaki ni usingizi wa asubuhi. Daktari atamwona tena kliniki ijayo.