Tembo Lucy wa Margate: je, tangazo la viwanja linastahili fedha za umma?

Mji mdogo wa Margate, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, unajulikana kwa jengo lenye umbo la tembo, refu kiasi cha mita 20, lililojengwa kwa mbao na kufunikwa kwa bati mwaka 1881. Ukarabati uliokamilika mwishoni mwa 2022 uligharimu takriban dola milioni 2.4, na sehemu yake ilikuwa ruzuku ya serikali. Wapo wanaopinga wakisema kwamba kodi ya wananchi haipaswi kutunza tangazo la biashara, na pingamizi hilo linastahili kujibiwa kwa kina.

Ni kweli kwamba Lucy alianza kama chambo cha wateja. James Lafferty, aliyekuwa akiuza viwanja katika ufuo uliokuwa karibu mtupu, aliwapandisha wanunuzi kwa ngazi za ndani hadi kwenye kibanda kilicho mgongoni mwa tembo ili wavione viwanja hivyo kutoka juu, na mwaka 1882 akapata hataza ya majengo yenye maumbo ya wanyama. (Uhalisi haukumsumbua sana: tembo huyu wa Asia ana pembe ndefu, ambazo majike wa jamii hiyo kwa kawaida hawana, kwani jina la kike alipewa baadaye.)

Hata hivyo, Lafferty alimwuza mwaka 1887, na tangu hapo tembo huyo amewahi kuwa baa na hata nyumba ya kuishi. Mwaka 1970, ardhi aliyosimama juu yake ilipouzwa na ubomoaji ukakaribia, wakazi walichangishana fedha, na ingawa kampuni yenye mali jirani ilikwenda mahakamani ikihofia kwamba thamani ya mali yake ingeshuka, Lucy alihamishwa tarehe 20 Julai hadi kwenye kiwanja cha mji. Wakati huo hakuwa na chochote cha kumuuzia mtu. Kwa maoni yangu, hadhi ya alama ya kihistoria ya kitaifa aliyopewa mwaka 1976 inatokana zaidi na uamuzi huo wa wakazi kuliko ujanja wa Lafferty.

Hoja kwamba bati lake la zamani limebanduliwa, na kwa hiyo hakuna cha asili kilichobaki, naiona dhaifu, kwa kuwa jengo la namna hii kando ya bahari lisipobadilishwa ngozi huoza. Swali gumu zaidi ni la mgawanyo wa gharama. Napendekeza umma ugharimie uimara wa jengo peke yake, na viingilio vya wageni vilipie mengine yote. Anayeona kwamba hata kiasi hicho ni kikubwa mno atueleze: mwaka 1970 angeruhusu libomolewe?