Msaada wakuu: mzigo umekuwa kiduchu, nataka kupunguza maduka yanayouza tisheti zangu kutoka 14 hadi 5, nawaachaje bila ugomvi?

FUNDI WA MBAGALA
Habari za jioni wakuu. Nitazunguka kidogo mnivumilie.

Nna brandi yangu ndogo ya tisheti za fomu siksi (zile za kola), huu mwaka wa nne. Nilianza na cherehani mbili na ovaloki ya mkopo, leo nna mafundi watano na maduka 14 yanayouza lebo yangu. Dar 6, Mwanza 2, Dodoma 2, halafu Mbeya, Moro, Arusha na Kahama moja moja. Karibu wote nawapa mali kauli, mtu anachukua pc 40, anauza, ananitumia hela. Jumla natoa 15,000, wao wanauza 25,000 mpaka 28,000 huko mikoani.

Kitambaa naagiza Guangzhou kupitia jamaa mmoja wa Kariakoo, tunashea naye konteina. Mwaka jana dola ilivyokuwa inatafutwa kwa tochi nikawa nachelewa kulipa, na ukichelewa kule foleni yako anapewa mwingine. Januari hii ya 2025 nikajifanya mjanja nikalipa mapema, kumbe Mwaka Mpya wa Wachina umeangukia tarehe 29 na wafanyakazi wanaanza kuondoka kwenda makwao kabla ya hapo, kiwanda kimefunga oda yangu ipo nusu. Nimelipia jora 20, zimefika 6. Zilizobaki naambiwa wiki ijayo bosi, na hiyo wiki ijayo leo inatimiza mwezi.

Na hizo sita zenyewe hazifanani. Nyeusi ni mbili, moja ukiitoa juani inavuta wekundu kama chai ya rangi. Ndani kwenye taa ya umeme huoni kitu. Nimeshashona pc 11 mwili umetoka jora hii mikono jora ile, asubuhi nazikuta zimetundikwa mlangoni jua linapiga, nilikaa chini kwenye ndoo.

Jora moja kama kilo 25, natoa tisheti 70 hivi, kwahiyo jumla 420. Gawa kwa maduka 14 ni pc 30 kila duka. Rangi 4 saizi 5, yaani kila duka linapata moja na nusu ya kila aina. Hiyo sio biashara hiyo ni maonyesho. Na Idi hiyo inakuja mwisho wa mwezi.

Nimeamua nibaki na maduka matano. Wawili ndio wananikosesha usingizi. Kuna mama mmoja Mwanza karibu na Makoroboi, huyu ndiye wa kwanza nje ya Dar kunipokea wakati hata lebo nilikuwa nashona kwa mkono, hajawahi kuchelewesha hela hata siku moja, ila anauza pc 15 tu kwa mwezi. Halafu kuna shemeji yangu Mbeya, anauza 60 kwa mwezi, ila ukimpigia kuhusu hela anakuuliza watoto wanaendeleaje shule. Hivi sasa namdai 1.4m. Nimbakishe nani? Na hao wengine nawaambiaje?

KISAMVU CHA NAZI
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa paleee na kahawa yangu.

MZEE WA JORA
Fundi, kabla hujakata duka kata rangi. Rangi nne kwa jora sita ni kujitafutia saizi zilizovunjika, utabaki na S za maruni mpaka Krismasi. Kwenye zilizobaki kwenye oda mwambie Mchina abadilishe zote ziwe nyeusi na dakibluu, basi. Na hiyo nyeusi inayovuta wekundu usiitupe, ishone peke yake kuanzia mwili, mikono mpaka kola, itoke kama mzigo wake, ipeleke duka moja tu. Mteja haoni tofauti mpaka zikae mbili pamoja. Kosa lako lilikuwa kuchanganya jora kwenye kata moja, siku hizi mimi kila kipande nakibandika namba ya jora kwa chaki kabla mkasi haujagusa.

WINGA WA AGGREY
Piga chini wote 14 uza mwenyewe mtandaoni, unampa mtu faida ya elfu kumi kwa kazi gani? Kutundika kwenye henga?

MZEE WA JORA
@Winga wewe unauza mzigo wa watu huna fremu hulipi kodi ya pango hujawahi kubaki na mzigo uliolala, kaa kimya mdogo wangu 😂. Mteja wa Kahama anataka ashike kitambaa avute kola. Na nani atajibu meseji 80 za "bei gani" kwa siku, mafundi?

DUKA LA KONA DODOMA
Mimi nipo upande wa pili wa meza ngoja niseme yangu. Niliuza tisheti za brandi moja ya hapahapa nchini miaka miwili, nikaweka mpaka bango lao nje kwa hela yangu. Mzigo ukawa unachelewa, napiga simu naambiwa upo njiani. Siku moja mteja wangu anaingia kavaa toleo jipya, namuuliza umetoa wapi, ananitajia duka la jirani mtaa wa pili. Walishaniacha miezi miwili nyuma mimi bado nawaambia wateja subirini wiki ijayo. Kunipunguza nisingekasirika, biashara ni hivyo. Kilichoniuma ni ule uongo niliowaambia wateja wangu bila kujua kama ni uongo.

Kwahiyo kaka wapigie simu, sio meseji ya kundi, na sio stetasi. Mwambie mtu mzigo ni 420, maduka ni 14, kwa sasa sikuletei. Na umwambie saizi zilizolala azirudishe kwa basi nauli juu yako. Hiyo peke yake ingenifanya mimi niwe nakutaja vizuri mpaka leo.

BAHARIA WA NCHI KAVU
Tatizo ni wale Wahouthi wa Yemen walioanza kupiga meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, tangu hapo kila kitu kimeharibika. Vumilia tu mkuu itapita.

FOWADA MSTAAFU
@Baharia meli ya kutoka Guangzhou kuja Dar inakatiza Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu inaingilia wapi hapo? Ila hujakosea yote. Meli za kwenda Ulaya zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, safari ikaongezeka kama siku kumi na zaidi, kwahiyo meli zilezile na makonteina yaleyale yakawa yanakaa baharini muda mrefu, na sisi wa njia ndogo ndio tukapandishiwa bei na kurukwa zamu. Lakini huyu ndugu yetu shida yake naona sio meli. Jora 14 ama hazijafumwa ama zimefumwa akauziwa mwingine. Mdai picha na video ya mzigo wako leo, jora moja moja ipimwe kwenye mzani uone kilo. Akizunguka jua jibu.

BINTI TANDALE
Kwani kitambaa cha hapa kimekosa nini jamani, si tunalima pamba Simiyu na Shinyanga?

MZEE WA JORA
Dada pamba tunalima lakini nyingi inachambuliwa mbegu inauzwa nje ikiwa nyuzinyuzi, haijawa hata uzi. Na viwanda vyetu vingi vimezoea khanga, vitenge na mashuka, hicho ni kitambaa cha kusuka. Tisheti ya kola inataka cha kufuma, kile kinachovutika, mashine zake ni nyingine kabisa. Wapo wanaofuma hapa ila ukienda na oda ya jora 20 wanakuangalia kama umepotea njia.

MAMA WA VIKOBA
Wote mnaongelea kitambaa, hakuna aliyemuuliza swali la hela. Kaka huko nje una deni kiasi gani jumla? Maana mali kauli ina tabia yake, deni la mzigo wa kwanza linalipwa kwa sababu mtu anataka mzigo wa pili. Siku ukimwambia hupati tena, hela yako imegeuka sadaka. Nimepoteza 2.3m kwenye mashuka kwa staili hiyohiyo, mtu mpaka leo tunasali kanisa moja.

Kwahiyo kusanya kwanza, ndio utangaze.

DUKA LA KONA DODOMA
@Mama wa Vikoba hapo dada sikubaliani, huo si ndio ule uongo wa "mzigo upo njiani" uliouma sisi wengine?

MAMA WA VIKOBA
Sijasema adanganye. Apige simu aseme nafunga hesabu na kila duka kabla ya Idi, tuhesabu pamoja kilichouzwa na kilichobaki. Kilichobaki kirudi, kilichouzwa kilipwe. Ni kweli kabisa na hajamdanganya mtu. Akishafunga hesabu ndio aseme sasa mzigo mpya naanza na hawa watano. Utaratibu tu, wifi yangu.

FUNDI WA MBAGALA
Mama wa Vikoba umenigusa penyewe. Nimekaa na daftari, nje kuna 6.8m. Mzigo wote huu wa jora sita nikiuza jumla ni 6.3m. Yaani nimetandaza mikoani zaidi ya nilichonacho ndani.

MAMA WA VIKOBA
Sasa umeona. Huna shida ya kitambaa tu wewe.

WINGA WA AGGREY
Shemeji wa Mbeya mwambie kuanzia leo ni keshi, alipe 1.4m kwanza. Akikataa mpotezee, pc 60 ambazo hazilipwi ni mkopo usio na riba.

KISAMVU CHA NAZI
Winga leo umeongea cha maana nimeweka kikombe chini.

MZEE WA JORA
Keshi atakataa, ni shemeji. Mpe kidogokidogo, pc 10 kwa basi, akilipa kumi anapelekewa kumi. Na pesa ipitie lipa namba ya biashara sio kwa dada mtu. Ugomvi wa familia huanza pale hela inapopitia kwa dada mtu.

Jambo lingine, jina lako umesajili BRELA (wale wa usajili wa biashara)? Maana ukiacha pengo sokoni Kariakoo inalijaza. Maduka tisa yaliyozoea kuuza lebo yako yakikosa mzigo, mawinga wanachapisha nembo wiki moja tu. Ukisajili alama ya biashara inakulinda miaka 7 kisha unahuisha, na hapo hata FCC (Tume ya Ushindani, wanaokamata bidhaa feki) unaenda kulalamika una karatasi mkononi. Bila karatasi unaenda kulia tu.

FUNDI WA MBAGALA
Jina la biashara ninalo ila alama bado. Jumatatu naanza.

FUNDI WA MBAGALA
Mrejesho wakuu, siku nne zimepita. Jamaa wa Kariakoo nimembana atoe video, ametuma ya jora 5, mzani unaonekana. Tisa zilizobaki anasema hela atarudisha nusu, tutaonana naye.

Nimepiga simu kumi na tatu. Dodoma mmoja kanikatia, Moro kalipa hapohapo wala hajauliza kitu. Kahama kaniambia alikuwa anasubiri nimwambie maana S zimelala kwake tangu Julai, wateja wake ni XL kwenda juu. Karibu na chuo Dodoma S ndizo zinaisha, nimehamisha bila kushona hata moja. Jumla zimerudi pc 96, hela imeingia 2.9m.

Simu ya kumi na nne ilikuwa ya mama wa Mwanza, niliiacha mwisho makusudi. Nimeanza kujieleza, dola sijui, Wachina sijui, akanikata: "Mwanangu, mimi nauza kumi na tano, nipe kumi na tano. Kwani nani alikwambia uniletee arobaini?" Nimekaa kimya kama dakika nzima. Miaka yote nilikuwa namtumia 40 kwa sababu ndio kifurushi changu. Amebaki, nyeusi 15 zote za jora moja, zimepanda basi jana usiku.

Shemeji hajapokea simu mpaka sasa. Ila dada yake kaja nyumbani jana bila taarifa.

MZEE WA JORA
Hahaha nilikwambia.

BINTI TANDALE
Samahani kwa kutoka nje ya mada, dakibluu L imebaki? Na Mbagala ni sehemu gani?