Mwongozo uandike Python 3.10 kwenda juu tu? Na wenye Windows 7 je?

Fundi wa Michenzani: Assalaam alaykum. Mwongozo wa programu yetu ya mahudhurio ya skuli bado unasema itumike "Python 3.6 na kuendelea", ile lugha tuliyoiandikia programu. Si kweli tena. Toka tulipoingiza match, amri iliyokuja na Python 3.10, kwenye kodi (maandishi ya programu), chini ya 3.10 haiwaki. Mwalimu anafuata hatua zote, mwisho anatolewa "invalid syntax" na kijishale chini ya mstari ambao hakuuandika yeye. Anadhani ameharibu kompyuta ya skuli. Na 3.8 imekatiwa matengenezo Oktoba 2024, 3.9 Oktoba 2025. Nasema tufute yote ya zamani. Mnaonaje?

Kijana wa Tunguu: Naunga mkono, tena tumechelewa. Hatuwezi kubembeleza kompyuta za makumbusho za Pemba, umeme wenyewe huko wa kubahatisha.

Mtoto wa Wete: Wa kubahatisha? Nyinyi Unguja mlikaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, leo unatucheka sisi?

Kijana wa Tunguu: Ile ilikuwa hitilafu ya waya wa umeme wa baharini. Na nyinyi wakati ule mkiishi kwa majenereta ya Wesha, huko huko Pemba.

Mtoto wa Wete: Majenereta ya Wesha yalikuwa yakiwaka! Na 2010 hiyo hiyo ukatufikia waya wa umeme kutoka Tanga. Usitufundishe giza.

Mwalimu, Mkoani: Wanangu, poeni. Hizo kompyuta mnazozisema ni zangu mie. Za msaada, Windows 7. Python ya mwisho kuingia humo ni 3.8, 3.9 inakataa kuinstoli kabisa. Sipingi mwongozo kusema kweli. Lakini mkifuta tu mkaondoka, mie nifuate nini? Niandikieni ni toleo gani la programu linalokwenda na 3.8.

Fundi wa Michenzani: Mwalimu, kwa heshima yako, 3.8 likigundulika tundu la usalama halizibwi tena. Na mle mna majina ya watoto.

Mwalimu, Mkoani: Mashine zangu hazina intaneti, mwanangu. Kila kitu kinakuja kwa fleshi.

Dada wa Takwimu: Mbona hakuna anayetaja requires-python, ule mstari unaosema programu inataka Python ipi? Tukiandika >=3.10 kwenye pyproject.toml, faili la maelezo ya programu, basi pip (kile kinachoshusha na kuinstoli programu za Python) ya mwenye 3.8 inaliruka toleo jipya la programu yenyewe na kuchukua la mwisho linalomfaa. Mwenye bando hatuulizi tena. Anabaki wa fleshi kama mwalimu, huyo aandikiwe ukurasa wake.

Mtoto wa Wete: Ahsante dada. Ila yule wa makumbusho hajaomba radhi.

Kijana wa Tunguu: Radhi ya nini? Python 2 ilipozikwa 2019 sijui 2020 watu walilia hivi hivi. Leo nani anaikumbuka?

Mtoto wa Wete: 1 Januari 2020. Na mwisho ulipangwa uwe 2015, wakaongezewa miaka mitano wajipange. Sisi unataka tufutwe leo leo.

Fundi wa Michenzani: Jamani, hakuna anayeifuta Pemba. Tunazungumza mwongozo.

Mpita Njia wa Chake: Mie naona tatizo ni waandishi. Anayebadilisha kodi haugusi mwongozo mpaka watu walalamike. Kodi ikipandishwa toleo, mstari wa mwongozo ubadilishwe siku hiyo hiyo, na asiyeubadilisha kazi yake isipokelewe.

Kijana wa Tunguu: Maneno mengi. Njoo uandike wewe.

Mpita Njia wa Chake: Nimeshaleta marekebisho mara mbili, yamelala hapo hayajasomwa na mtu. Unataka nilete ya tatu uyalalie wewe?

Mwalimu, Mkoani: Nipeni mie ukurasa wa Windows 7. Nitaujaribu Jumamosi kwenye mashine zenyewe, kila hatua, kisha ndio uingie. Nataka tu toleo la mwisho kabla ya hiyo match.

Fundi wa Michenzani: Nitakutilia kwenye fleshi, mwalimu, pamoja na Python 3.8.10, maana baada ya hiyo hawakutoa tena faili la kuinstoli la Windows kwa 3.8. Nitampa mtu anayepanda boti ya Mkoani. Juu ya ukurasa niachie niandike kwamba mashine hiyo isiunganishwe mtandaoni.

Mwalimu, Mkoani: Andika, tena kwa herufi kubwa.

Kijana wa Tunguu: Kwa hiyo Windows 7 inarudi kwenye mwongozo mpya? Microsoft wenyewe waliiacha Januari 2020. Mie sikubali.

Mtoto wa Wete: Hukuulizwa.