Msaada wakuu: mdogo wangu mgongo unakakamaa, daktari anataka aanze sindano zinazoshusha kinga

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana miaka 27, huu mwaka wa tatu mgongo unamtesa, saa tisa usiku maumivu yanamwamsha mpaka atembeetembee uani ndo apate nafuu, asubuhi kiuno kimekakamaa kama saa nzima na akipumzika ndo anazidi. Tumeambiwa diski, mara figo, diklofenaki kameza mpaka basi. Juzi kipimo cha emarai (MRI) kimeonyesha uvimbe pale nyonga inapokutana na uti wa mgongo, ugonjwa unaitwa ankilosingi spondilaitisi. Daktari anasema aanze adalimumabu, sindano kila wiki mbili, ila mama kaogopa kweli maana baba aliugua TB tukiwa naye nyumbani. Aliyewahi kutumia naomba ushauri.

Mdau wa Moro: Pole sana mkuu, ninao tangu 2014. Mimi nilianzishiwa methotrekseti, miaka miwili nameza, magoti yakapungua kuvimba ila mgongo palepale, baadae ndo naelezwa kumbe ile kwenye uti haisaidii. Nilivyohamia sindano sasa naweza kuinama nikafunga viatu mwenyewe. Mazoezi sijaacha na yeye asiache.

Nesi Mstaafu: Mama yenu yuko sahihi kuuliza. Hizo sindano zinazuia TNF, kemikali ya mwilini inayochochea uvimbe, lakini hiyohiyo ndo inasaidia mwili kuwafungia bakteria wa TB waliolala. Kwahiyo kabla ya kuanza apige eksirei ya kifua, apime TB ya ngozi au damu, na homa ya ini B. Akikutwa na TB iliyolala anaanza dawa zake kwanza, kama mwezi hivi, ndo sindano ifuate. Msimfiche daktari habari ya baba. Muulizeni pia sekukinumabu, hiyo inazuia IL-17, kemikali nyingine ya uvimbe, Marekani waliiruhusu kwa ugonjwa huu 2016 na kuamsha TB sio sana kama za TNF, japo kupima ni lazima vilevile. Na akishaanza sindano asichanjwe homa ya manjano, ile chanjo ni hai.

Mtoa mada: Asante sana mama. Sasa kipimo cha HLA-B27, ile jini ya kurithi inayohusishwa na ugonjwa huu, kimetoka hasi, kuna daktari mwingine alikataa kabisa kwamba sio huo.

Nesi Mstaafu: Waafrika wengi wenye ugonjwa huu hawana hiyo HLA-B27 mwanangu. Dalili zake na hiyo emarai zinaongea.

Mamake Tatu: Ugonjwa huu unaingia mpaka machoni, jicho likiwa jekundu na linauma asinunue matone duka la dawa, aende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Mume wangu tulichelewa, mpaka leo jicho la kushoto haoni vizuri.

Mtoa mada: Mungu awabariki, mama nimemsomea yote. Jumatatu tunaenda eksirei. Hiyo sindano inakaa friji ya kawaida?

Mdau wa Moro: Ya kawaida mkuu, usiweke frizani, ikiganda hiyo tupa.